Mama aliyeaga kwenda msalani: kisa cha aibu, stara na maneno ya muuguzi

Kabla ya kisa

Kisa hiki cha mama aliyeondoka kabla ya kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kilitokea katika kituo kimoja cha afya cha mwambao wa Tanzania, ninakofanya kazi ya uuguzi na ukunga. Mhusika ameridhia kisimuliwe. Nimeondoa jina lake, umri kamili, mtaa na tarehe, na mambo madogo kadhaa nimeyabadilisha ili asitambulike. Nitamwita Bi S. Muuguzi mwenzangu aliyempokea siku ya kwanza naye ameusoma uchambuzi huu, na mahali pawili nimesahihisha kwa maneno yake.

Nawaandikia wauguzi, wakunga na wanafunzi walio mazoezini. Nimeona mara nyingi tukiandika kwenye rejista "mteja amekataa huduma" na kufunga ukurasa. Nataka tuangalie neno hilo "amekataa" linaficha nini.

Historia yake

Bi S. ni mama wa miaka 40 na ushei, mwenye mume na watoto wazima. Anakaanga samaki na kuwauza asubuhi na jioni. Hakuwahi kuchunguzwa ukeni isipokuwa wakati wa kujifungua, na mtoto wa mwisho alimzaa zaidi ya miaka 15 nyuma. Katika uzazi huo alijivutia khanga ajifunike, mkunga akamwambia, "Wakati unaitafuta hii mimba hukuona aibu, unaionea hapa?" Wengi wetu tunalijua neno hilo, limesemwa leba miaka na miaka. Bi S. alilikumbuka neno kwa neno, pamoja na rangi ya khanga aliyokuwa nayo.

Kipimo tunachokizungumzia ni cha kuchunguza dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanzo chake ni HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na mabadiliko ya awali huchukua miaka mingi, aghalabu zaidi ya 10, kabla ya kuwa saratani. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Rika la Bi S. chanjo imelipita, kwa hiyo limebaki na uchunguzi. Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakifika miaka 35, na tena wakifika 45.

Vituo vingi kama chetu bado vinatumia siki. Unamlaza mama, unaweka spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke, unaupaka mlango wa kizazi siki ya asilimia 3 hadi 5, unasubiri dakika 1, unaangalia kama pametokea weupe, alama ya mabadiliko hayo. Hakuna maabara, na jibu linapatikana palepale. Kwa mikono iliyozoea ni kazi ya dakika chache.

Siku ya kwanza

Bi S. hakuja kwa ajili yake. Alimsindikiza mkwewe, mke wa mwanawe wa kwanza, aliyeleta mtoto kuchanjwa. Asubuhi hiyo palitolewa elimu ya afya kwenye benchi za kliniki ya mama na mtoto, na mwisho wake mwenzangu akatangaza kwamba wanaotaka kupima mlango wa kizazi wapimwe siku hiyohiyo, bure. Bi S. alinyoosha mkono. Kilichomvuta, aliniambia baadaye, ni kwamba jirani yake alifariki kwa ugonjwa huo na alimuona alivyoteseka.

Saa moja na nusu baadaye zamu yake ilifika. Mwenzangu alitokea mlangoni na faili mkononi akaita, "Nani huyu wa mlango wa kizazi? Wewe mama? Njoo. Umejisafisha lakini?" Benchi zima lilisikia. Mkwewe alikuwa ameketi ubavuni pake, mtoto mapajani.

Kwa asiyekulia pwani, nieleze kidogo. Baina ya mama mkwe na mke wa mwanawe kuna heshima ambayo haivunjwi hata kwa mzaha. Wanaweza kupika pamoja, kulala nyumba moja na kulea watoto pamoja miaka 20 bila mmoja kutamka mbele ya mwenzake jambo linalohusu utupu wake. Swali la "umejisafisha" lilimvua Bi S. nguo pale pale kwenye benchi, kabla hajauona mlango wa chumba. Na alikuwa hajajisafisha. Alitoka moja kwa moja kwenye karai la mafuta, na nguo zake zilikuwa na harufu ya samaki.

Aliingia hata hivyo. Mwenzangu, binti anayeweza kuwa mwanawe wa kumzaa, hakumwamkia. Alimwambia, "Vua chini, panda kitandani, panua miguu," akageuka kutayarisha vifaa. Kitanda kilikuwa kimeelekea mlango, miguu upande wa mlangoni, na pazia lilikuwa na pengo la kiganja kimoja pale pete mbili zilipokatika. Bi S. alipanda na kujifunika khanga mpaka magotini. Mwenzangu aliifunua yote, akaitupia tumboni. Bi S. akaishika tena. "Mama usione aibu, sisi tumezoea," mwenzangu akasema.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanafunzi wa utabibu, mwanamume, kuchukua sanduku la glavu. Hakusimama kuangalia, na sidhani hata aliona. Lakini Bi S. alisikia sauti ya kiume na mlango ukibaki wazi. Akaketi, akateremka, akavaa baibui lake juu ya kila kitu na kusema, "Mwanangu, naomba niende msalani mara moja."

Hakurudi. Mwenzangu alisubiri robo saa, kisha akaandika: "Mteja amekataa huduma."

Miezi 7

Miezi minne baadaye Bi S. alianza kuona matone ya damu baada ya tendo la ndoa. Kwanza alidhani ni kukaribia kukoma hedhi. Kisha akatumia dawa ya mizizi aliyopewa na shoga yake, akaacha kukutana na mumewe kwa visingizio, akanyamaza. Alipita mbele ya kituo chetu karibu kila siku akienda sokoni.

Aliyemrudisha ni mhudumu wa afya wa jamii wa mtaani kwao. Huyo alifanya jambo dogo lenye akili: alikuja kwangu kwanza, bila kumtaja kwa jina, akauliza, "Nina mama anatoka matone, hataki kuja kwa sababu alivunjiwa heshima hapa. Nikimleta, utampokea wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Nikampa siku ambayo kliniki ya watoto haipo na benchi huwa tupu.

Siku ya pili

Alikuja akiwa amevaa nikabu, ambayo si kawaida yake. Tulikaa kwenye viti viwili, mlango umefungwa, kitanda kiko nyuma yetu. Nilimsalimia, nikauliza habari za nyumbani na za biashara, kisha nikamwambia kwamba leo hakuna anayevua nguo mpaka yeye mwenyewe aseme yuko tayari. Nikamuuliza kilichomwondoa ile mara ya kwanza.

Nilitegemea atasema maumivu au woga wa majibu. Hakutaja hata kimoja. Alitaja mkwewe, harufu ya samaki, binti mdogo asiyemwamkia, na mlango. Na jambo la tano lilinishangaza. Aliposikia "mlango wa kizazi" alielewa ni ule mlango wa nje, njia anayopitia mtoto. Kwa hiyo alielewa kwamba anaitwa ili mtu aketi na kuuangalia utupu wake tu, na kwamba benchi zima limetangaziwa hivyo. Miaka 19 nimelitamka neno hilo kila siku ya kazi, sijawahi kumuuliza mwanamke analielewaje.

Nilichukua kalamu na karatasi. Nikachora parachichi dogo lililopinduliwa, kikonyo chini. "Hiki ni kizazi, kiko ndani, hakionekani kwa nje. Hiki kikonyo ndicho mlango wake, na ndicho ninachotaka kukiona. Huku nje ni njia tu ya kupita. Sina ninachokiangalia hapo." Alinyamaza kidogo, akaivuta karatasi karibu. "Kumbe ni ndani," akasema.

Nikamuuliza anataka leo au siku nyingine. Akasema leo, ila hakujisitiri vizuri. Hiyo ndiyo lugha aliyotumia. Nikamwambia sisi hatukagui usafi wala unywele, lakini kama atajisikia vizuri zaidi akinawa, bafu lipo. Nilimpelekea ndoo ya maji na sabuni, nikamwambia anawe nje tu, ndani asiguse. Alitumia dakika kama 10. Alipotoka nikabu ilikuwa imekunjwa mkononi.

Nilikuwa nimegeuza kitanda kichwa kielekee mlangoni. Kabla hajapanda nilimwonyesha spekulamu, nikamwachia aishike, aifungue na kuifunga. Nikamweleza kwamba itatoa mlio mdogo, "tak", nikiikaza, na mlio huo haumaanishi kitu kimekatika. Nilimwambia siki ina ubaridi, na wengine huhisi muwasho kidogo unaopita. Tulikubaliana kwamba akisema "basi" nitasimama na kuitoa, bila kumuuliza kwa nini. Kisha nikatoka nje ya pazia avue na kujifunika mwenyewe.

Alilala khanga ikiwa imemfunika mpaka vifundoni, na nikaikunja mimi kutoka chini kwa kiasi nilichohitaji. Sikusema "panua". Nilimwomba akunje magoti na kuyaacha yaangukie pembeni mpaka yaguse viganja vyangu. Spekulamu niliichovya kwenye maji ya uvuguvugu. Nilimwambia kila ninapogusa kabla sijagusa: sasa paja, sasa nje, sasa inaingia. Alikaza. Sikumwambia alegee, nilimwambia apulize kama anavyopuliza moto wa jiko lake, polepole usirushe majivu. Akapuliza, na kifaa kikapita.

Kisha ikaja ile dakika 1 ya kusubiri siki. Pindo la khanga lilikuwa mdomoni mwake, ameling'ata. Kwa muuguzi ni dakika ya kutazama saa. Kwa aliyelala ndiyo ndefu kuliko zote, kwa sababu hakuna kinachofanyika na yuko wazi. Nilimuuliza samaki gani wana bei siku hizi. Akalitoa pindo mdomoni, akanijibu.

Baada ya hapo nilikosea, na nitaeleza kwenye uchambuzi. Palitokea weupe mzito upande mmoja, ukiingia ndani ya tundu la mlango wa kizazi hadi nisiuone mwisho wake, na palitoka damu pamba ilipogusa. Nikanyamaza. Nikavuta taa, nikaangalia tena, nikaenda upande wa pili. Bi S. akauliza, "Umeona nini?" Nikajibu, "Subiri."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutokumpima mpaka tuzungumze. Ulinigharimu kama nusu saa ambayo siku ya foleni nisingekuwa nayo, na ndiyo maana nilimpangia siku tulivu. Mwenzangu ananikumbusha, kwa haki kabisa, kwamba siku ile alikuwa peke yake na akina mama zaidi ya 30. Sitaki kisa hiki kisomeke kana kwamba yeye ni katili na mimi nina roho nzuri.

Uamuzi wa pili ni ndoo. Ningeweza kumwambia arudi kesho akiwa amejiandaa, na ingeonekana ni heshima. Lakini mwanamke aliyekwisha kuondoka mara moja, na sasa anatoka matone, kumrudisha nyumbani bila kumwona ni kucheza na maisha yake. Nilimwachia achague, nikahakikisha kwamba kuchagua "leo" kunawezekana.

Nilifikiria pia kipimo cha HPV ambacho mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe. Kinaondoa sehemu kubwa ya aibu, nami nakipenda sana, kikifika kila kituo tutawapata wengi. Lakini hicho ni cha asiye na dalili. Mwenye damu baada ya tendo la ndoa lazima mlango wake uonekane kwa macho.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa rufaa. Weupe unaoingia ndani ya tundu hautibiwi pale kituoni kwa kuunguza au kwa tiba mgando (kugandisha kwa baridi kali), na damu inayotoka ukigusa inahitaji kinyama kichukuliwe kipimwe. Nilimpa rufaa ya hospitali ya mkoa. Nilisubiri avae, aketi kitini, ndipo nikamweleza: "Nimeona sehemu isiyo ya kawaida. Siwezi kusema ni saratani na siwezi kusema siyo. Inabidi wachukue kinyama kidogo." Karatasi niliitia kwenye bahasha nikaifunga, maana aliyekuwa anakuja kumchukua kwa pikipiki ni mwanawe. Kisha nikampigia simu muuguzi wa kule, nikamwomba apokewe na mwanamke.

Matokeo

Bi S. alikwenda rufaa siku ya nne. Kinyama kilionyesha mabadiliko makubwa ya awali, ambayo hayajawa saratani. Sehemu hiyo iliondolewa kwa kitanzi cha waya wa umeme, kwa ganzi, akarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kule hospitalini aliingia daktari wa kike akiwa na wanafunzi watatu. Bi S. ananisimulia jambo hili kwa fahari kuliko habari ya kupona. Alivuta khanga akasema, "Wanangu, nawaombea masomo mema, lakini mmoja anatosha." Wawili walitoka. Daktari hakukasirika.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Alitakiwa kurudi kupimwa baada ya miezi 12, akarudi baada ya 14, na ni kwa sababu mhudumu wa jamii alimfuata mara tatu. Kipimo hicho hakikuonyesha kitu. Na mpaka leo hajamwambia mkwewe alichoumwa.

Uchambuzi

Nianze na kosa langu. Bi S. aliniambia baadaye, "Ulipouliza habari za samaki nilikuwa sawa. Uliponyamaza nikajua nakufa." Nilikuwa nimemzoesha kusikia kila ninachofanya, kwa hiyo kimya changu kilikuwa na sauti kuliko cha muuguzi asiyesema kitu tangu mwanzo. Na neno "subiri", linalosemwa na mtu aliye kati ya magoti yako, halina maana nyingine ila kwamba kuna baya. Sasa huwa natangulia kusema, mama akiwa bado ameketi: "Nikifika pa kuangalia huwa nanyamaza, ndivyo ninavyoangalia kila mtu. Majibu nitakupa ukiwa umevaa." Tangu nianze hivyo, ni wachache wanaouliza wakiwa wamelala, na anayeuliza namjibu, "Bado naangalia, nikimaliza nakwambia yote."

Neno "usione aibu" naliweka karibu na kosa hilo. Mwenzangu alilisema kwa nia njema, nami nimelisema mara zisizohesabika. Lakini kwa mtu aliyelelewa kwetu, kuona aibu ni malezi. Asiye na haya ndiye tunayemsema. Unapomwambia mama asione aibu unamwambia aache jambo ambalo mama yake alimfundisha kwa miaka, tena alifanye mbele ya mgeni. "Sisi tumezoea" nalo ni kweli, ila linamhusu anayelisema. Yeye ameona mamia. Aliyelala kitandani ana utupu mmoja, na hajamwonyesha mtu. Siku hizi nasema, "Najua si jambo dogo. Nitakufunua pale tu ninapopahitaji." Sentensi hiyo haimtaki abadilike, inaeleza mimi nitafanya nini.

Neno ambalo wagonjwa wenyewe hutumia ni stara. Bi S. hakuomba asionwe, kwa sababu alipanda kitandani mara zote mbili. Aliomba kustiriwa. Kwa hiyo nadhani tunakosea tunapojadili aibu kana kwamba ni tatizo la mgonjwa linalotaka elimu zaidi. Elimu alikuwa nayo: alimuona jirani yake akifa na alinyoosha mkono mbele ya watu. Alichokosa ni mtu wa kumstiri, na kustiri huanzia kwenye benchi. Hesabuni wenyewe siku ya kwanza: kabla hajavua hata kiatu alikuwa amekwisha kuvuliwa na sauti. Kuita kwa ugonjwa au kwa kipimo badala ya jina au namba, na kuuliza usafi mbele za watu, ni kumfunua mtu. Kwetu sasa tunaita kwa namba, na swali la usafi tumelifuta. Halina kazi ya kitabibu.

Kuamkia nako kunatazamwa kama adabu ya ziada ukiwa na foleni, na mimi sikubaliani. "Shikamoo mama" kutoka kwa binti wa miaka 24 inamrudishia aliyelala cheo chake kabla hajakipoteza kwa kuvua. Bi S. alisema wazi kwamba umri wa binti haukumsumbua peke yake, kwani mabinti wa rika hilo humwosha maiti na kumhudumia mzazi. Kilichomuuma ni kutazamwa utupu na mtoto ambaye hajamtambua kuwa ni mama. Mwenzangu alipolisoma hili alilia kidogo. Baadaye alimfuata sokoni akamwamkia na kumwomba radhi, na Bi S. alimfungia samaki wawili kwenye gazeti.

Kuhusu mwanafunzi na sanduku la glavu, wengi mtasema ilikuwa bahati mbaya. Haikuwa. Glavu za jengo zima zilikuwa zinahifadhiwa chumba cha uchunguzi, kwa hiyo mtu alikuwa akiingia kila nusu saa. Tulizihamisha. Hatukuhitaji fedha wala barua. Na kwa wanafunzi wanaokuja kujifunza, ambao lazima wajifunze, jambo nililolielewa kupitia kisa hiki ni mahali pa kuombea ruhusa. Ukimuuliza mama, "Huyu mwanafunzi anaweza kuangalia?" mwanafunzi akiwa amesimama pale na mama amelala, humwombi ruhusa, unamwarifu. Muulize akiwa amevaa, ameketi, na mwanafunzi yuko nje. Wengine watakataa, na wengi zaidi ya mnavyodhani watakubali.

Liko suala la namna tunavyofundishwa. Chuoni nilijifunza spekulamu kwenye kiwiliwili cha plastiki. Nilisahihishwa pembe ya mkono, usafi wa vifaa na mpangilio wa trei. Kiwiliwili hakina khanga ya kuvuta, na hakuna aliyenisahihisha maneno. Nilipokwenda wodini niliokota maneno ya waliotangulia, "panua", "tulia", "kwani nakuchinja?", nikayatumia kama sehemu ya utaalamu. "Panua miguu" kwa Kiswahili chetu ni maneno ya matusi ukiyasikia mahali pengine popote, sisi tunamwambia mama mtu mzima asubuhi na mapema. Kama nafundisha mwanafunzi leo, namlaza yeye kwanza kwenye kitanda, amevaa nguo zake zote, magoti juu, nami nasimama miguuni pake kimya kwa dakika 1 ya siki. Hakuna aliyetoka pale akasema dakika hiyo ni fupi.

Kuna ambacho bado sijakipatia jibu. Nusu saa ya mazungumzo niliipata kwa sababu nilipanga siku tulivu na kwa sababu Bi S. alikuwa na mtu wa kumtetea. Siku ya kliniki, akina mama 30, muuguzi mmoja, haiwezekani. Tulichojaribu ni kuhamishia maelezo kwenye benchi: mchoro wa parachichi uko ukutani, spekulamu inazungushwa mkono kwa mkono, na ile kauli ya "basi" inasemwa kwa wote. Ndani zinabaki dakika chache za salamu, jina na khanga. Inasaidia, lakini maswali kama ya harufu na mkwe hayaulizwi benchini, na najua wapo wanaoaga kwenda msalani mpaka leo. Tumekubaliana kitu kimoja kwenye rejista. Badala ya "amekataa huduma" tunaandika aliondoka hatua gani: benchini, mlangoni, kabla ya kuvua, au baada ya kulala. Miezi ya karibuni wengi wa wanaoondoka wanaondokea kati ya benchi na mlango, na hapo ndipo tunapopafanyia kazi.

Kitanda nacho kina habari yake. Wiki mbili baada ya Bi S. kupimwa nilikikuta kimerudishwa, miguu kuelekea mlangoni. Nikakigeuza. Kikarudi tena. Nilidhani ni ubishi, mpaka mhudumu wa usafi aliponionyesha: soketi ya taa ya uchunguzi iko ukuta wa mlangoni, na kitanda kikigeuzwa waya wa taa haufiki. Kwa miaka yote hiyo akina mama wamelala wakielekea mlango kwa sababu ya mita 2 za waya. Tulichanga, tukanunua ekstensheni.